Kinachokufa kwa Moto na Kisichokufa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Usalama wa Nyama na Kuku

Anayeuliza kama nyama ni salama mara nyingi anaulizia homoni, sindano na kemikali. Ni wachache wanaoulizia ubao wa kukatia, kitambaa cha kufutia meza au chungu cha mchuzi kilicholala jikoni usiku kucha. Katika kujibu maswali haya nimezoea kuanza na swali langu mwenyewe, ambalo huyapanga mengine yote: je, kilichoingia kwenye nyama hiyo kinakufa kwa moto au hakifi? Kikifa, kinga iko mikononi mwa anayepika. Kisipokufa, kinga ilipaswa kuwekwa mapema, bandani, kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo au machinjioni, na mlaji ana haki ya kuidai.

Nyama na kuku huchafuliwa na vitu gani hasa?

Kundi la kwanza, na ndilo linaloumiza watu wengi zaidi, ni la viumbe hai: bakteria kama salmonela, kampilobakta, E. koli na listeria, pamoja na minyoo na vijidudu vingine wanaojificha ndani ya misuli. Kundi la pili ni kemikali: mabaki ya dawa za mifugo, dioksini, madini kama risasi na kadimi. La tatu ni vitu vigumu, yaani vipande vya mfupa, chuma au plastiki. Pia kuna sumu zinazotengenezwa na sisi wenyewe wakati wa kuchoma na kukausha kwa moshi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 600 huugua kutokana na vyakula vilivyochafuliwa vya kila aina, na 420,000 hufariki. Kati ya hao, 125,000 ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 5.

Mnyama alikuwa mzima kabisa. Bakteria wametoka wapi?

Wametoka kwake. Msuli wa mnyama mwenye afya kwa kawaida hauna bakteria ndani, lakini utumbo, ngozi, kwato na manyoya vimejaa. Ng'ombe anaweza kubeba E. koli O157:H7 utumboni asionyeshe dalili yoyote. Kisu kikiteleza wakati wa kuchuna kikatoboa utumbo, au ngozi yenye kinyesi ikigusa paja lililokwisha kuchunwa, safari imeanza.

Kwa kuku mambo ni magumu zaidi kwa sababu huchakatwa kwa wingi. Wanatumbukizwa kwenye maji ya moto yale yale, wananyonyolewa na mashine ile ile, wanapozwa pamoja. Kuku mmoja mwenye kampilobakta anawagawia wenzake. Ndiyo maana kuku mbichi yeyote, hata awe ametoka kwa mfugaji msafi namna gani, mchukulie kuwa amebeba vimelea mpaka aive.

Kwa nini kipande kizima cha nyama ya ng'ombe kinaweza kuliwa kikiwa chekundu ndani, lakini nyama ya kusaga haifai?

Hili ni swali ninalolipenda, kwa sababu anayelielewa hahitaji kukariri kanuni nyingi. Kwenye kipande kizima bakteria wako juu. Ukikikaanga pande zote, moto unawafikia. Ukikisaga kipande hicho hicho, uso wake wote unakuwa ndani: kilichokuwa nje sasa kiko katikati ya donge, mahali ambapo moto hufika mwisho. Isitoshe, nyama ya kusaga ya kiwandani huchanganya nyama ya wanyama wengi, kwa hiyo mmoja tu akiwa mchafu, wote wamechafuka.

Marekani ililijifunza hili kwa uchungu mwaka 1993. Mikate ya nyama ya kusaga ambayo haikuiva sawasawa iliwaambukiza zaidi ya watu 700 E. koli O157:H7, na watoto 4 wakafariki. Mwaka uliofuata serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba nyama ya kusaga yenye bakteria huyo hairuhusiwi kuuzwa. Kimelea huyu huharisha damu, na kwa hadi asilimia 10 ya wagonjwa sumu yake huharibu chembe za damu na kuzima figo. Wanaoathirika zaidi ni watoto wadogo.

Kuku hapewi nafasi ya kubaki na wekundu hata akiwa kipande kizima, na maini yake vivyo hivyo, kwa kuwa kampilobakta anaweza kuwa ndani ya ini lenyewe, si juu yake tu.

Joto gani linatosha?

Ukipima katikati ya sehemu nene zaidi, bila kugusa mfupa:

Kuku na ndege wengine wote, nyuzi joto 74. Nyama ya kusaga ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe, nyuzi joto 71. Vipande vizima vya nyama hizo, nyuzi joto 63, kisha viachwe vitulie dakika 3 kabla ya kukatwa. Vyakula vilivyopashwa moto upya, nyuzi joto 74. Ikiwa hutaki kukariri namba zote hizi, shika 74 na hutakosea popote.

Sina kipimajoto. Siwezi kutazama rangi tu?

Rangi hudanganya pande zote mbili. Nyama ya kusaga inaweza kugeuka kahawia kabla haijafika joto la kuua bakteria, na kuku mchanga aliyeiva kabisa anaweza kubaki na wekundu karibu na mfupa kwa sababu uboho wake huvuja kupitia mifupa ambayo bado laini. Yale maji mekundu kwenye pakiti ya nyama nayo si damu. Ni maji ya msuli yenye rangi ya asili ya nyama.

Kama huna kipimajoto, chagua mapishi yasiyoacha shaka. Kata vipande vidogo, chemsha mpaka mchuzi utokote na uendelee kutokota, na usiridhike na kipande cha juu tu. Kuku mzima wa kuokwa au kuchomwa juu ya makaa ndiye anayewaponza wengi, maana ngozi inakuwa imeshaungua ilhali kiungo cha paja bado hakijaiva. Ukipenda kuchoma, mpasue au mchemshe kwanza, kisha mpeleke motoni papo hapo bila kumweka akae.

Je, nimwoshe kuku kabla ya kumpika?

Najua jibu hili linawaudhi watu waliofundishwa na mama zao kwamba kuosha nyama ndiyo heshima ya jikoni. Lakini maji ya bomba hayaondoi bakteria walioshika ngozi ya kuku. Yanawarusha tu. Ukitaka kuona kwa macho yako, mpake kuku rangi ya chakula, tandaza karatasi nyeupe kuzunguka sinki, kisha fungua bomba kama unavyofungua siku zote. Mimi nilifanya hivyo. Matone yalikuwa kwenye sahani zilizokauka pembeni, yalikuwa kwenye mkono wa shati langu karibu na kiwiko, na moja lilikuwa limetua juu ya nyanya iliyokuwa ikisubiri kukatwa kachumbari. Nyanya hiyo haipiti motoni. Kampilobakta mia chache tu wanatosha kumwangusha mtu mzima.

Kama kuku ana manyoya yaliyobaki au uchafu unaoonekana, mfute kwa karatasi nyevu kisha itupe. Na kama huwezi kabisa kuacha kumwosha, tumia beseni lenye maji yaliyotulia, mwoshe taratibu bila kumwagia maji kutoka juu, toa kila kitu kingine pembeni, halafu osha beseni na sinki kwa sabuni na maji ya moto.

Na ndimu, siki au chumvi?

Vinaongeza ladha na kupunguza harufu. Haviui vya kutosha.

Nikiigandisha nyama kwenye friza, bakteria hawafi?

Wengi hulala tu, na nyama ikiyeyuka huamka wakaendelea walipoishia. Baridi kali inawaweza zaidi minyoo kuliko bakteria. Kwa hiyo yeyusha nyama ndani ya friji, au kwenye maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa, na si juu ya meza kutwa nzima, ambapo nje inakuwa imepata joto la kuzalisha bakteria huku katikati bado ni barafu. Friji iwe chini ya nyuzi joto 5. Nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa, ndani ya bakuli, isije ikadondokea chakula kilichoiva. Kuku mbichi na nyama ya kusaga havifai kukaa humo zaidi ya siku 2.

Nyama iliiva vizuri, tena ilichemka saa nzima. Mbona wageni wote waliharisha siku iliyofuata?

Hapa ndipo wapishi wazuri wanapojiona wameonewa, kwa sababu kosa halikuwa kwenye kupika. Lilikuwa kwenye kupoza.

Kuna bakteria anayeitwa Clostridium perfringens. Mazingira yakimwia magumu hujifungia ndani ya ganda gumu linaloitwa spora, na spora hiyo huvumilia kuchemka. Kuchemka kunamsaidia hata: kunaua wapinzani wake na kufukuza hewa ya oksijeni asiyoipenda. Baada ya hapo anangoja. Mchuzi ukishuka chini ya nyuzi joto 60 spora zinaanza kufunguka, na karibu na nyuzi joto 43 bakteria huyu hujigawa mara mbili ndani ya takriban dakika 10. Piga hesabu: mmoja anakuwa wawili, wawili wanne, na baada ya saa 3 yule mmoja amekuwa zaidi ya 260,000.

Sasa fikiria chungu kikubwa chenye kifuniko. Niliwahi kuchomeka kipimajoto kwenye chungu cha lita 20 kilichozimwa saa 3 usiku. Saa 9 usiku, wakati nje ya chungu unaweza kukigusa kwa kiganja bila shida, katikati palikuwa bado na nyuzi joto 46. Huo ni usiku mzima wa joto analolipenda. Mlaji humeza mamilioni yao, nao hutoa sumu wakiwa utumboni. Kuharisha na msokoto wa tumbo huanza kati ya saa 6 na 24 baadaye, mara nyingi bila kutapika na bila homa, na huisha ndani ya siku moja.

Dawa yake ni kupoza haraka. Gawa chakula kwenye vyombo vipana vyenye kina kifupi, vitumbukize kwenye maji baridi, koroga, kisha viingize friji mapema. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa 2. Hofu ya kwamba chakula cha moto huharibu friji imeponza watu wengi. Kikishatoa mvuke na kikiwa kimegawanywa, kiweke.

Si nitakipasha moto tena?

Kupasha moto hadi kitokote kunaua bakteria walioota usiku. Hakuondoi kila sumu waliyoiacha. Bakteria wa stafilokoki, ambao huishi puani na kwenye vidonda vya mikono ya mpishi, huacha sumu inayovumilia kuchemshwa. Anayeila hutapika sana ndani ya dakika 30 hadi saa 8. Mwenye kidonda au jipu mkononi afunge na avae glavu, au bora zaidi, siku hiyo asishike chakula.

Soseji na nyama za pakiti zimeshaiva. Kuna tatizo gani?

Zimeiva, lakini hukatwa na kufungwa baada ya kuiva, na hapo ndipo listeria huingia. Huyu anaweza kuishi miaka kwenye mifereji na mashine za kiwanda, na tofauti na wenzake wengi anaendelea kuzaliana ndani ya friji. Afrika Kusini ilikumbwa na mlipuko mkubwa kati ya mwaka 2017 na 2018: zaidi ya wagonjwa 1,000 na vifo zaidi ya 200. Mwezi Machi 2018 serikali ilitangaza kuwa chanzo kilikuwa poloni, nyama ya kiwandani inayoliwa bila kupikwa tena. Kundi kubwa la waliougua lilikuwa watoto wachanga, waliopata maambukizi kwa mama zao.

Mama mjamzito anaweza kuhisi mafua ya kawaida tu, kumbe mimba iko hatarini kuharibika. Kwa hiyo wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wazipashe nyama hizi mpaka zitoe mvuke kabla ya kula, hata kama pakiti inasema tayari kwa kuliwa.

Ukiacha kuharisha, madhara mengine ni yapi?

Kampilobakta akishaondoka, mara chache mwili huendelea kupigana na mishipa yake wenyewe ya fahamu. Huo ni ugonjwa wa Guillain-Barré: ganzi huanza miguuni, hupanda, na mgonjwa anaweza kupooza kwa muda hadi kuhitaji mashine ya kupumulia. Salmonela huweza kuacha maumivu ya viungo ya miezi. Ndiyo maana siridhiki na usemi kwamba tumbo la kuharisha ni jambo la kupita. Kwa wengi linapita, lakini si kwa wote.

Nasikia kuku wa kisasa hudungwa homoni ndipo wakakua upesi. Ni kweli?

Si hivyo wanavyokuzwa. Nchini Marekani homoni zimepigwa marufuku kwa kuku tangu miaka ya 1950, na Umoja wa Ulaya unakataza homoni za kukuzia kwa mifugo yote. Mfugaji mwenyewe hana sababu ya kuzitumia: ingebidi amdunge kila ndege, maelfu kwa maelfu, tena mara kwa mara.

Kilichobadilika ni mbegu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walifuga aina tatu za kuku kwa chakula kile kile: aina iliyokuwa ikifugwa mwaka 1957, ya mwaka 1978 na ya mwaka 2005. Baada ya siku 56, kuku wa 1957 alikuwa na gramu 905, na wa 2005 alikuwa na gramu 4,202. Chakula kimoja, matunzo yale yale, tofauti ni uzao tu. Kama kasi hiyo inamtendea haki kuku mwenyewe ni swali zito, na mimi nadhani haimtendei, lakini si swali la homoni kwenye sahani.

Dawa za kukuzia zinazotumiwa kinyume cha sheria kwa ng'ombe ni habari nyingine. Mwaka 1990 nchini Hispania, zaidi ya watu 100 walipatwa na mapigo ya moyo ya kasi na kutetemeka mikono baada ya kula maini ya ng'ombe waliopewa klenbuteroli, dawa ya pumu inayojaza misuli. Maini yalikuwa yamepikwa. Moto haukusaidia.

Mabaki ya dawa za mifugo yana madhara gani?

Mnyama aliyetibiwa anapaswa kukaa siku kadhaa, kulingana na dawa, kabla ya kuchinjwa, ili mwili wake uisafishe. Mfugaji asiyesubiri anauza dawa pamoja na nyama. Mlaji mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika. Dawa kama kloramfenikoli zimekatazwa kabisa kwa wanyama wa kuliwa katika nchi nyingi, kwa sababu kwa baadhi ya watu huzima uboho usitengeneze damu tena, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kupika hakutoshi: dawa nyingine hupungua kidogo, nyingine huhamia tu kwenye mchuzi.

Lakini hatari kubwa zaidi ya dawa hizi haiko kwenye mabaki. Iko kwenye bakteria waliozizoea. Mifugo wakipewa viuavijasumu kidogo kidogo kila siku ili wanenepe, bakteria dhaifu hufa na sugu hubaki, nao hutufikia kupitia nyama, maji na mbolea. Mwaka 2015 watafiti nchini China waligundua kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa hospitalini jeni inayowapa bakteria usugu dhidi ya kolistini, moja ya dawa za mwisho ambazo daktari hukimbilia. Jeni hiyo inaweza kuruka kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshakataza viuavijasumu vya kunenepeshea tangu Januari 2006, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliwataka wafugaji waache kuwapa mifugo wenye afya. Mfugaji anayetibu mnyama mgonjwa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo hana kosa. Ni wale wanaochanganya dawa kwenye pumba za kila siku ninaowalaumu, pamoja na wanaowauzia bila kuuliza.

Dioksini ni nini, na inafikaje kwenye kuku?

Ni sumu inayozaliwa kwenye moto usiokamilika, kama uchomaji wa taka na plastiki, na kwenye baadhi ya kazi za viwandani. Hutua kwenye majani na udongo, mnyama hula, nayo hujificha kwenye mafuta yake. Zaidi ya asilimia 90 ya dioksini tunayoipata hupitia kwenye chakula, hasa nyama, maziwa na samaki. Ikishaingia mwilini mwa binadamu huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu, na mkusanyiko wake unahusishwa na saratani, kuvurugika kwa homoni na madhara kwa ukuaji wa mtoto tumboni.

Ubelgiji, mwanzoni mwa 1999, wafugaji waliona kuku wao hawatagi na vifaranga wanakufa. Mafuta ya mashine za umeme yalikuwa yamechanganyika na mafuta yaliyotengenezewa chakula cha mifugo. Habari zilipotoka hadharani mwezi Mei, kuku na mayai viliondolewa madukani, mawaziri wawili wakajiuzulu, na serikali ikaangushwa kwenye uchaguzi wa Juni. Robo karne kabla ya hapo, mwaka 1973 jimboni Michigan, Marekani, kemikali ya kuzuia moto ilichanganywa kimakosa na chakula cha ng'ombe. Takriban ng'ombe 30,000 na kuku milioni 1.5 waliangamizwa, na wakazi wengi walikuwa wameshakula nyama na kunywa maziwa kabla kosa halijajulikana.

Nyumbani unachoweza kufanya ni kuondoa mafuta na ngozi, na kutokula aina moja tu ya nyama kila siku.

Maini na figo ni salama?

Ni chakula chenye nguvu, ila figo na maini ndivyo vichujio vya mnyama, na kadimi hujikusanya humo kadiri anavyozeeka. Kula mara moja moja, hasa vya wanyama wadogo kwa umri. Nyama ya mnyama wa porini aliyepigwa risasi nayo ina jambo lake: risasi ya bunduki iliyotengenezwa kwa madini ya risasi husambaratika vipande vidogo visivyoonekana, mbali na kidonda. Kata na utupe nyama nyingi kuzunguka tundu, na watoto na wajawazito wasile nyama hiyo.

Nyama inayong'aa wekundu ndiyo mbichi zaidi?

Si lazima. Wauzaji wasio waaminifu hunyunyizia salfaiti, ambayo hurudisha wekundu kwenye nyama kuukuu na kuficha harufu. Nchi nyingi zimeikataza kwa nyama mbichi. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Nyama iliyokaa wazi siku nzima haibaki na wekundu ule ule asubuhi hadi jioni; ikibaki hivyo, hata inzi wasitue juu yake, ondoka. Na ujue kinyume chake pia: nyama isiyo na harufu mbaya inaweza kuwa na salmonela, kwa sababu bakteria wanaoozesha si wale wale wanaosababisha ugonjwa.

Mnyama aliyekufa mwenyewe, akipikwa sana, haliwi?

Haliwi. Nakuomba usile kibudu, usikichune, usikigawie jirani. Kimeta hutengeneza spora zinazovumilia jiko la kawaida, na anayechuna huambukizwa kupitia ngozi kabla hata nyama haijafika motoni. Mnyama aliyekufa ghafla, damu ikatoka puani au njia ya haja na isigande, asipasuliwe kabisa. Mwite daktari wa mifugo.

Na kichaa cha ng'ombe?

Ugonjwa huo ulitambuliwa Uingereza mwaka 1986, baada ya ng'ombe kulishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenzao. Kinachousababisha ni prioni, protini iliyojikunja vibaya. Haina uhai, kwa hiyo hakuna cha kuua, na moto wa jikoni hauifanyi kitu. Mwezi Machi 1996 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba huenda binadamu wameambukizwa, na nchini humo watu 178 walifariki kwa aina hiyo ya ugonjwa wa ubongo. Kilichouzuia ni sheria: kukataza chakula hicho cha mifugo, na kutupa ubongo na uti wa mgongo wa ng'ombe machinjioni.

Minyoo tegu huua?

Nyama ya ng'ombe au nguruwe isiyoiva, yenye vifuko vidogo kama punje za mchele, humpa mlaji tegu wa utumboni. Huyo hutibika. Hatari zaidi ni mayai ya tegu wa nguruwe, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu: mwingine akiyameza kwa mikono michafu au mboga, hupanda hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe anaweza kuugua. Choo, sabuni na mkaguzi wa nyama ndio kinga.

Kuchoma nyama kunaleta saratani?

Mafuta yakidondokea makaa, moshi hupanda na sumu zinazoganda juu ya nyama. Na nyama ikiungua hutengeneza nyingine. Zote zinahusishwa na saratani. Inua nyama mbali na ndimi za moto, igeuze mara kwa mara, kata palipoungua. Mwezi Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na bekoni, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa uhakika: kila gramu 50 kwa siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nyama nyekundu iliwekwa kundi la chini yake. Mlinganisho na sigara, ambayo imo kundi moja na nyama zilizosindikwa, uliosambaa baada ya hapo haukuwa sahihi. Makundi hayo hupima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa madhara.

Nashuku nyama niliyokula imenidhuru. Nifanye nini?

Kunywa maji yenye chumvi na sukari, yale maalumu kwa anayeharisha, kidogo kidogo lakini bila kuacha. Nenda hospitali ukiona damu kwenye choo, homa kali, kuharisha kunakozidi siku 3, mkojo kupungua au kizunguzungu. Mtoto mchanga, mzee na mjamzito wasingoje dalili hizo zote. Usimeze viuavijasumu wala dawa za kufunga tumbo kwa uamuzi wako: kwa E. koli O157:H7 zinaweza kuongeza hatari kwa figo.

Kisha andika ulichokula. Watu hulaumu mlo wa mwisho, lakini kampilobakta huchukua siku 2 hadi 5 kujitokeza, na listeria huweza kuchukua hadi siku 70. Andika pia nani mlikula naye na kama ameugua. Nyama iliyobaki usiitupe. Ifunge vizuri pamoja na pakiti yake, uandike juu yake kwa herufi kubwa kwamba haliwi, uiweke kwenye friji mbali na vyakula vingine, na umpigie ofisa wa afya aje kuichukua.